Samaki huyu wa mawe ni wa ukoo gani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuweka visukuku kwenye mti wa mageuko kwa kutumia vipimo

Maswali haya nimeyakusanya kwa wanafunzi, kwa walimu wa biolojia wa sekondari, na kwa abiria wenzangu wa basi la Dodoma–Singida ambao wakiona vernia (kifaa cha kupimia urefu mdogo) na picha za mifupa hawawezi kunyamaza. Ya msingi yametangulia, yanayoumiza kichwa yako mwisho. Jibu likishatolewa mahali pengine, nimekuelekeza huko.

## Mambo ya msingi

Kisukuku ni nini, na hapa Dodoma vipo?

Kisukuku ni mabaki au alama ya kiumbe wa kale iliyohifadhiwa ndani ya mwamba: mfupa, jino, jani, hata unyayo. Kwa Dodoma mjini usijichoshe sana. Vilima vya mawe vinavyouzunguka mji ni granaiti na jamaa zake, miamba yenye zaidi ya miaka bilioni 2.5, iliyoganda kutoka kwenye uji wa moto chini ya ardhi. Ndani ya uji wa moto hakuna samaki. Kisukuku kinahitaji tope, mchanga au majivu yaliyotulia taratibu na kumfunika aliyekufa kabla fisi na jua havijammaliza.

Panda basi uende Singida, hapo mambo yanabadilika. Mahenge, magharibi ya mji wa Singida, mlipuko wa kimbalaiti (mwamba wa aina ileile inayochimbwa almasi kule Mwadui) uliacha shimo ardhini miaka kama milioni 46 iliyopita. Shimo likajaa maji likawa ziwa dogo, tulivu, lenye tope laini chini. Humo wamepatikana samaki wa aina kadhaa, chura, popo mmoja maarufu, na majani ya miti ya jamii ya mikunde. Ukisogea zaidi kaskazini-magharibi, bonde la Manonga lina mifupa na meno ya wanyama wa karibuni zaidi, kati ya miaka milioni 4 na 6 hivi: tembo wa kale, viboko, na farasi waliokuwa na vidole vitatu.

Mahenge hiyo si ya Morogoro, kwenye madini ya spineli?

Hapana. Ile ni Mahenge ya Ulanga. Yetu ni ya Singida. Nimeshaona watu wazima wakikata tiketi ya kuelekea upande mwingine kabisa.

Mti wa mageuko ni nini?

Ni mchoro wa nani alitengana na nani, na lini. Ncha za matawi ni spishi. Mahali matawi mawili yanapokutana ni babu wao wa pamoja. Ukimweka sato, perege na kambare kwenye mti mmoja, sato na perege watakutana karibu na ncha, na kambare atajiunga nao chini sana kuelekea shinani. Mti hausemi nani bora. Wala hausemi kwamba kambare alibadilika akawa sato, kosa ambalo nalisahihisha karibu kila wiki.

"Kuweka kisukuku kwenye mti" maana yake nini hasa?

Chukua msiba wa kijijini. Anatokea kijana asiyejulikana, anasema tu kwamba marehemu ni ndugu yake. Wazee hawaanzi kuuandika upya ukoo mzima. Ukoo wanaujua tayari: nani alimzaa nani, nani alihamia Kondoa, nani aliolewa Manyoni. Wanachofanya ni kumtazama kijana: paji la uso, masikio, namna anavyosimama, kisha wanamjaribisha kila nyumba. "Huyu wa kwa Mazengo? Hapana, labda wa upande wa mama yake."

Sisi tunafanya hivyohivyo. Mti wa spishi zilizo hai tumeshaupata kutokana na vinasaba. Tunaushikilia kama ulivyo, halafu tunakijaribisha kisukuku kwenye kila tawi na kuuliza: kama huyu alitokea hapa, vipimo vya mifupa yake vinaeleweka?

Kwa nini msimpime vinasaba na yeye?

Kwa sababu havipo tena. Vinasaba huoza, na joto huharakisha uozo huo. Vya kale zaidi vilivyowahi kusomwa vina umri wa miaka kama milioni 2, navyo vilitoka kwenye udongo ulioganda wa Greenland. Samaki wa Mahenge ana milioni 46 na amelala kwenye jua la Singida. Kilichobaki ni umbo lake, basi.

Wataalamu si wanatazama tu na kujua? Vipimo vya nini?

Kutazama kunafanya kazi, na bado ndiyo njia inayotumika zaidi. Mtaalamu anaandika orodha ya sifa: mfupa fulani upo au haupo, pezi lina miiba au halina. Mwaka 2001 Paul Lewis alitengeneza modeli ya uwezekano kwa sifa za namna hiyo, na imesaidia sana. Mgogoro unaanza pale sifa yenyewe inapokuwa ya kupimika. Kimo cha mwili wa samaki ukigawanya kwa urefu wake unapata namba yoyote: 0.31, 0.38, 0.44, 0.49, 0.51. Sasa mtu anaamua kwamba chini ya 0.5 ni "mwembamba" na kuanzia 0.5 ni "mnene". Angalia alichokifanya: wa 0.49 na wa 0.51, ambao hata mke wa mvuvi hawezi kuwatofautisha, wamewekwa makundi mawili. Wa 0.31 na wa 0.49 wamelazwa kitanda kimoja. Mstari wa 0.5 haukutoka kwa samaki, umetoka kwa mtu mwenye kalamu.

Ukitumia kipimo chenyewe unaondokana na mstari huo. Hesabu yake si ngeni: Joseph Felsenstein wa Marekani aliiandika mwaka 1973. Kwa muda mrefu ilitumika kuchunguza sifa za spishi zilizokwisha kupangwa kwenye mti, kuliko kumtafutia tawi asiye na tawi. Kuitumia kuweka visukuku kumeshika kasi katika miaka kumi na kitu iliyopita, kompyuta zilipokuwa rahisi na picha za mifupa zilipoanza kugawanwa bure.

Binafsi sipendi wanaosema sifa za ndiyo-au-hapana zimepitwa na wakati. Mfupa usiokuwepo ni mfupa usiokuwepo, huupimi. Njia zote mbili zinaweza kuingia kwenye hesabu moja, na mara nyingi ndivyo inavyotakiwa.

## Kupima kwenyewe

Mnapima nini kwenye samaki?

Urefu sanifu (kuanzia ncha ya mdomo hadi mwisho wa uti wa mgongo, bila mkia), kimo cha mwili mahali kinapozidi, urefu wa kichwa, kipenyo cha tundu la jicho, urefu wa taya, urefu wa shina la pezi la mgongoni. Tunahesabu pia pingili za uti wa mgongo na miiba ya mapezi; hizo ni namba kamili, zinahitaji modeli yake.

Ukitaka mazoezi, nenda soko la Majengo asubuhi, nunua perege wa Mtera kumi wa saizi tofauti, uwapime kabla ya kuwapaa magamba. Utajifunza mambo matatu kwa siku moja: kwamba samaki wa spishi moja hawalingani, kwamba mkono wako haupimi sawa mara mbili, na kwamba ukichelewa jikoni unagombezwa.

Vifaa vyake ni ghali?

Si sana. Vernia ya chuma au ya kidijitali, rula ndani ya kila picha, kompyuta ya kawaida. Programu ya ImageJ ya kupimia kwenye picha ni ya bure; R ya hesabu ni ya bure; RevBayes, kwa wanaotaka kuingia ndani zaidi, nayo ni ya bure. Kinachogharimu ni muda. Vernia ya kidijitali inakuonyesha milimita 0.01, lakini ukipima mfupa uleule Jumatatu, Jumatano na Ijumaa utakuta majibu yanapishana zaidi ya hapo. Pima mara tatu, siku tofauti, bila kuangalia ulichoandika mwanzo. Mpishano huo ndio kosa lako la kupima, nalo linaingia kwenye hesabu.

Kuna kosa jingine ambalo hakuna modeli inayoliponya. Mwaka wangu wa kwanza nilijaza safu moja kwa sentimita na nyingine zote kwa milimita. Samaki wangu akaruka ukoo wote akaenda kukaa na jamaa asiowajua, na nikatumia siku mbili kutafuta maelezo ya kibiolojia. Nilikuwa nimeshaandika aya nzima.

Visukuku vya Mahenge vimebanwa kama chapati. Kipimo kina maana gani?

Swali zuri, na wengi wanalipita. Tope likikauka na kulemewa na matabaka ya juu, mwili hulala ubavu na kubanwa. Samaki aliyelala ubavu anapoteza unene wa kulia hadi kushoto, lakini urefu na kimo vinabaki karibu kama vilivyokuwa. Kwa hiyo tunatumia vile vilivyoko kwenye bapa la jiwe na tunaachana na unene. Jiwe likiwa limevutwa upande mmoja, yaani samaki wote wa tabaka hilo wamerefuka kuelekea mwelekeo mmoja, ni lazima kwanza kukadiria mvuto wenyewe. Dalili yake ni rahisi: samaki waliolala kaskazini-kusini ni wembamba na waliolala mashariki-magharibi ni wanene, wakati spishi ni moja.

Kisukuku hakijakamilika, nusu ya vipimo haipo. Nakitupa?

Hapana. Hesabu inakubali pengo. Kipimo kisichokuwepo hakichangii lolote kwa kisukuku hicho, vilivyopo vinaendelea na kazi. Usijaze pengo kwa wastani wa kundi unalodhani ni lake. Hapo utakuwa umemwambia kijana wa msibani aseme yeye ni wa kwa Mazengo, kisha unashangaa kwamba amesema hivyo. Kuhusu kipande kimoja pekee, tazama swali la mfupa mmoja au miwili hapa chini.

Samaki mkubwa ana kila kitu kikubwa. Si mnapima ukubwa tu?

Ndiyo, usipojihadhari. Hatua ya kwanza ni kugeuza vipimo vyote kuwa logi (logariti), ili tofauti ya milimita 10 na 20 ihesabiwe sawa na ya 100 na 200. Zote ni mara mbili. Hatua ya pili ni kutoa ukubwa wa jumla, mathalani kwa kutoa kwenye kila logi wastani wa logi zote za samaki huyo, ambayo ni sawa na kugawanya kila kipimo kwa wastani wa kijiometri wa vipimo vyake vyote. Kinachobaki ni umbo.

Umbo linaweza kusema mengi. Yule dinosaria mkubwa wa Tendaguru, Lindi, ambaye mifupa yake imesimamishwa Berlin, Werner Janensch alimpa jina mwaka 1914 akimweka pamoja na Brachiosaurus wa Marekani. Wote wawili wana mfupa wa juu wa mguu wa mbele mrefu sana ukilinganisha na wa paja, kinyume na dinosaria wengi wenzao wa shingo ndefu. Ulinganifu huo uliwaunganisha kwa miongo mingi. Baadaye uwiano wa mifupa mingine, hasa pingili, ulipochunguzwa mmoja mmoja, tofauti zikawa nyingi mno, na leo wetu anaitwa Giraffatitan kwa jina lake mwenyewe.

Na kama ni mtoto?

Hilo ni tatizo la kweli. Watoto wa karibu kila mnyama wana macho makubwa na vichwa vikubwa kulinganisha na mwili. Kisukuku cha mtoto kikipimwa kama cha mtu mzima kitavutwa kwenye tawi la spishi ndogo au kushushwa kuelekea shinani. Tafuta mifupa ambayo haijaungana, na ukiwa na vielelezo vya saizi nyingi kutoka tabaka moja, chora jinsi umbo linavyobadilika na ukuaji kabla ya kuamua kwamba una spishi mbili.

## Hesabu, bila kuogopesha

Kompyuta inajuaje tawi lipi?

Anza na ng'ombe wawili waliofunguliwa zizi moja asubuhi bila mchungaji. Kila mmoja anajiendea, hatua huku, hatua kule, hana pa kwenda. Kadiri saa zinavyopita ndivyo anavyoweza kuwa mbali zaidi na zizi. Sasa, kama waliongozana hadi saa nane mchana ndipo wakaachana, jioni utawakuta karibu. Kama waliachana saa moja asubuhi, mmoja anaweza kuwa Msalato na mwingine Kikuyu. Modeli tunayoitumia zaidi, inayoitwa mwendo wa Brown, inakichukulia kipimo cha mfupa hivyo: kinatangatanga kizazi hadi kizazi, na spishi mbili zimefungana kwa muda walioongozana.

Kwa namba, za mfano tu: mti una kina cha miaka milioni 50, na kipimo (kwenye logi asilia) kinatangatanga kwa kasi ya 0.01 kila miaka milioni. Mtawanyiko wa kila spishi unakuwa 50 × 0.01, yaani 0.5. Spishi A na B zilitengana miaka milioni 10 iliyopita, kwa hiyo ziliongozana milioni 40: mtawanyiko wa pamoja ni 0.4, uhusiano wao 0.4 ÷ 0.5 = 0.8. Spishi C ilijitenga milioni 40 iliyopita, ikaongozana na A kwa milioni 10 tu: 0.1 ÷ 0.5 = 0.2. Tofauti ya kawaida kati ya A na B itakuwa kama mara 1.6; kati ya A na C, kama mara 2.4.

Sasa mlete mgeni. Ukimpachika kando ya A, modeli inatarajia vipimo vyake vyote kumi au ishirini vifungane na A kwa nguvu. Ukimpachika kando ya C, inatarajia kingine. Kila mahali panapata alama: kama angetokea hapa, vipimo hivi vilikuwa na uwezekano gani wa kuonekana? Kipimo kimoja hakisemi kitu. Ishirini vinavyokubaliana vinasema.

Kwa nini msijenge mti mzima upya, wa hai na wa kale pamoja?

Inawezekana, na wapo wanaofanya, vinasaba na mifupa kwa mpigo mmoja. Lakini tazama ukubwa wa kazi. Spishi 20 zilizo hai zinaweza kupangwa kwenye miti tofauti isiyopungua 8 ikifuatwa na sufuri 21. Mti wenye shina ukishajulikana, una matawi 38. Kumjaribisha mgeni sehemu 38 ni kazi ya dakika chache. Tena vinasaba vya spishi hai vina ushahidi mwingi kuliko taya la jiwe. Sioni sababu ya kuliacha taya liwabishie.

Umri wa mwamba unaingia wapi?

Sehemu mbili. Kwanza, kisukuku hakikuendelea kutangatanga hadi leo. Samaki wa Mahenge alisimama miaka milioni 46 iliyopita, kwa hiyo ncha yake inaishia huko na kutarajiwa kwake kutofautiana ni kwa muda mfupi zaidi. Pili, umri unafunga milango. Tawi lililochipuka miaka milioni 30 iliyopita haliwezi kumzaa aliyekufa miaka milioni 46 iliyopita. Kwenye matawi 38 unaweza kubaki na 9 kabla hujagusa kipimo hata kimoja. Umri wa Mahenge ulipatikana kwenye chembe za madini ya zirikoni ndani ya kimbalaiti yenyewe, kwa kupima urani iliyogeuka risasi. Ila soma swali la mwisho la ukurasa huu kabla ya kufurahia.

Jibu linakuja vipi? "Tawi la 17"?

Likija hivyo, usiliamini. Jibu la kweli linakuja kama mgawanyo: asilimia 55 tawi hili, asilimia 25 la jirani, asilimia 12 shina la wote wawili, na makombo kwingineko. Waandishi wa habari huchukua ile 55 na kuiandika kama 100. Sisi wenyewe tukiwa tunachora mchoro wa kutundika ukutani tunafanya dhambi hiyohiyo. Matawi matatu yenye asilimia nyingi yakiwa yamekaa pamoja, una jibu zuri: ukoo unajulikana, nyumba haijulikani. Yakiwa yametawanyika pande zote za mti, vipimo vyako havitoshi.

Vizio tofauti, milimita na hesabu ya miiba, havigongani?

Kwenye njia ya kutafuta mti wenye mabadiliko machache zaidi, vinagongana: kipimo chenye namba kubwa kinameza vingine, kwa hiyo unavibana vyote viwe kati ya 0 na 1. Kwenye njia ya uwezekano kila sifa inapewa kasi yake, na kizio hakina neno. Mradi kisibadilike katikati ya safu, kama nilivyokwisha kukiri hapo juu.

## Panapoteleza

Viumbe wasio ndugu wakifanana, hamdanganyiki?

Tunadanganyika, na mfano mzuri uko hapa kwetu. Mwaka 2003 ulitangazwa popo wa Mahenge, Tanzanycteris mannardi. Picha za eksirei zilionyesha koklea, kile kibomba kilichojikunja kama konokono ndani ya sikio, na ikapimwa upana wake dhidi ya upana wa kitako cha fuvu. Ni kubwa. Maana yake popo huyu alikuwa tayari anawinda kwa kusikiliza mwangwi wa sauti zake, miaka milioni 46 iliyopita.

Sasa kishawishi: popo wa leo wenye koklea kubwa kupindukia ni pamoja na wale wa pua-kwato. Tumuweke huko? Koklea hukua kwa sababu ya kazi, na kazi moja inaweza kuchongwa na koo mbili bila kuambizana. Kijana wa msibani anaweza kuwa na mabega ya akina fulani kwa sababu wote wanabeba magunia ya karanga. Modeli ya kutangatanga haijui habari ya magunia. Inadhani ng'ombe hana pa kwenda, kumbe kuna kisima.

Dawa yake si moja. Tunaangalia kama sifa za kazi moja (meno na taya, au sikio) zinavuta upande mmoja na mifupa mingine inavuta upande mwingine. Tunaendesha hesabu mara ya pili bila koklea. Kisukuku kikihama tawi kwa kuondoa sifa moja, hakikuwa kimekaa, kilikuwa kimeegemea. Wapo pia wanaozipima kwanza sifa zote kwa spishi hai: zile zinazoelewana na mti wa vinasaba zinapewa uzito, zinazopiga kelele ovyo zinapunguziwa.

Nina vipimo 60 vya fuvu. Si ni ushahidi mwingi?

Pengine ni ushahidi wa vipimo 5 uliovaa nguo 60. Taya ikirefuka, kila kitu kilichoshikana nayo kinarefuka. Ukivihesabu kama mashahidi 60 huru, kompyuta itakupa asilimia 99 kwa tawi lisilo sahihi. Kadiria jinsi vipimo vinavyofungana ndani ya spishi, ndiyo maana tunataka vielelezo vingi vya spishi moja. Wengi hukimbilia kuvikusanya kuwa mihimili michache mikuu, yaani namba chache za jumla zinazobeba sehemu kubwa ya tofauti. Inasaidia, ila kuchagua mihimili miwili mitatu ya kwanza na kuitupa mingine kunaweza kupotosha mti, hasa kama uhusiano wa spishi haukuzingatiwa. Si dawa ya bure.

Mfupa mmoja au miwili inatosha?

Nyasasaurus parringtoni alichimbwa upande wa Ruhuhu, kusini-magharibi mwa nchi, miaka ya 1930. Kuna mfupa wa mkono wa juu na pingili kadhaa. Ilipofika 2013 ndipo akatangazwa rasmi, akiwa na umri wa miaka kama milioni 243. Waliomwelezea waliandika kwamba ni dinosaria wa kwanza kabisa anayejulikana, au ndugu wa karibu zaidi wa dinosaria. "Au" hiyo ndiyo ninayoipenda. Mifupa ile haikuwa na uwezo wa kusema zaidi, na hawakuilazimisha.

Je, kisukuku ni babu wa waliopo leo? Vipi Zinjanthropus?

Karibu kila mara, ni binamu. Uwezekano wa kuchimba mtu wa mstari ulionyooka wa kizazi chako ni mdogo. Matawi yaliyokatika ni mengi kuliko yaliyofika. Zinjanthropus ni fuvu alilolipata Mary Leakey Olduvai mwaka 1959; lenye miaka kama milioni 1.75, lina magego makubwa ajabu na taya la kusagia. Leo linawekwa kwenye tawi la pembeni, Paranthropus boisei, lililoisha bila kuacha wajukuu. Waliokuja kuitwa Homo habilis mwaka 1964, wa bonde hilohilo, meno yao ni madogo zaidi na ubongo mkubwa zaidi. Wote wawili waliishi jirani. Kufa jirani na babu wa mtu hakukufanyi kuwa babu yake.

Nimekuta jiwe lenye samaki nikichimba kisima. Nifanyeje?

Liache lilipo kama inawezekana. Piga picha ukiweka rula au sarafu kando, andika kina na rangi ya tabaka, kisha toa taarifa ofisi ya kijiji au ya wilaya ili ifike Idara ya Mambo ya Kale. Visukuku vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kuchimba kunahitaji kibali, na kuuza ni kosa. Usilisugue kwa brashi ya chuma, usipake vanishi. Na kwetu sisi wapimaji, jiwe lisilojulikana lilitoka tabaka gani limepoteza umri wake, na bila umri rudi ukasome jibu la matawi 38.

Mti wenyewe umepangwa miaka yake kwa kutumia kisukuku hichohicho. Hamzunguki mduara?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na aliyeniuliza kwa mara ya kwanza alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tano.

Mahengechromis ni samaki wa jamii ya sato na perege. Alison Murray alimwelezea mwaka 2000, spishi tano kutoka ziwa moja dogo, zikitofautiana kwa maumbo ya mwili na kichwa: mmoja aliitwa rotundus kwa uduara wake, mwingine brachycranium kwa ufupi wa fuvu. Ni kati ya visukuku vya kale zaidi vya jamii hiyo vinavyojulikana. Kwa sababu hiyo, watu wanaotaka kujua jamii ya sato ilianza lini wamemtumia kama msumari: mti wa vinasaba hauna saa, kwa hiyo unaupigilia kwa kisukuku chenye umri unaojulikana. Lakini ili kupigilia msumari ni lazima uamue kwanza tawi gani. Wakishaamua, mti unapata miaka. Sasa mimi nauchukua mti huo, natumia miaka yake kufunga milango, namjaribisha Mahengechromis, na anakaa palepale walipomweka. Napiga makofi. Nimethibitisha nini?

Njia tunayoifuata ni kuurudia mti bila msumari huo, kwa kutumia visukuku vingine tu, hata kama miaka itakuwa na ukungu mpana, ndipo tumjaribishe. Na tunamjaribisha mara mbili: mara moja milango ya umri ikiwa imefungwa, mara moja ikiwa wazi yote. Akikaa jirani na palepale mara zote mbili, vipimo vinasema vyenyewe. Akizurura milango inapofunguliwa, basi umri ndio uliokuwa unamshikilia, na tunaandika hivyo kwenye jedwali, safu ya mwisho, karibu na asilimia.

Spishi hizo tano nazo tunazijaribisha moja moja, si kwa mkupuo. Zilikaa ziwa moja, lakini wageni watano wakiingia msibani kwa bajaji moja, wazee bado watamuuliza kila mmoja baba yake ni nani.